Kuchagua Dume Mzee wa Mbegu kwa Kuangalia Ukoo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji wa Tabora

Maswali haya, kuhusu dume mzee wa ng'ombe wa kuzalishia, huulizwa Igunga na Nzega, na sasa yanasikika sana Sikonge, Urambo na Kaliua ambako mifugo imeongezeka. Mengine huulizwa mnadani, mengine kwenye josho, mengine huja kwa simu usiku mtu akiwa tayari ameshalipa kishika uchumba. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yanayomkuta mfugaji mmoja mmoja. Jambo likishaelezwa mahali pamoja, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Dume mzee ni wa umri gani?

Hapa tunamzungumzia dume wa miaka saba na kuendelea. Ng'ombe wetu wa asili huanza kupanda akiwa na miaka miwili na nusu hivi, na nguvu zake hukamilika kati ya miaka minne na saba. Wengi bado wanafanya kazi hadi miaka kumi wakitunzwa. Baada ya hapo kila dume aangaliwe kwa hali yake. Kama mwenyewe hakumbuki mwaka aliozaliwa, tazama swali la meno hapo chini.

Kwa nini nichukue mzee wakati dume kijana ana miaka mingi mbele yake?

Kwa sababu dume kijana unamnunua kwa matumaini, na dume mzee unamnunua kwa ushahidi. Piga hesabu. Dume ameanza kupanda akiwa na miaka mitatu. Ndama wake wa kwanza huzaliwa miezi tisa na siku kadhaa baadaye. Ndama huyo akiwa jike na akalelewa kwa nyasi za mbugani tu, mimba ya kwanza ataishika akikaribia miaka mitatu, kisha ataibeba miezi tisa mingine. Siku binti wa kwanza anapokamuliwa, baba yake ana miaka saba au minane. Kabla ya siku hiyo hakuna anayejua kwa hakika kama dume huyo analeta maziwa, hata awe na ukoo wa kusimuliwa wilaya nzima.

Kinachoniumiza ni kwamba wafugaji wengi humhasi dume au kumpeleka mnadani akiwa na miaka sita au saba, mwaka uleule ambao mabinti zake wangeanza kutueleza ukweli. Tunauza jibu tukabaki na swali. Dume mzee ana kasoro zake, na zinaelezwa katika sehemu ya afya, lakini kwa anayetafuta ukoo yeye ndiye wa kuanza naye.

Ukoo maana yake nini kwangu mimi nisiye na karatasi?

Maana yake ni majibu ya maswali matatu: mama yake ni yupi na alikamuliwaje, baba yake alitoka zizi gani, na watoto wake wako wapi. Karatasi husaidia, lakini karatasi isiyojibu maswali hayo haina kazi. Na mzee aliyechunga ng'ombe wale tangu utotoni, anayekumbuka kila jike kwa rangi na jina na kwa mwaka aliozaa, anaweza kukupa ukoo ulio sahihi kuliko fomu iliyojazwa haraka ofisini. Nenda kwake kwa adabu. Msalimie shikamoo, kaa, uliza habari za nyumbani na za malisho, halafu uliza habari za jike na umwache dume kwanza. Ukianza na dume ataona umekuja kununua. Ukianza na mama wa dume atasimulia.

Niangalie vizazi vingapi nyuma?

Viwili vinatosha, na cha tatu kiwe cha nyongeza. Kila mzazi humpa ndama nusu ya damu yake. Kwa hiyo baba ana asilimia 50, kila babu na bibi kwa wastani asilimia 25, na wazazi wa babu kila mmoja 12.5. Mtu akikuambia sifa kubwa ya dume ni babu wa babu yake, anakuuzia sehemu ndogo sana ya mnyama kwa bei ya mnyama mzima.

Kuna jambo lingine ambalo husahaulika. Nusu anayoipokea ndama si ileile kila mara. Madume wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutofautiana kabisa, mmoja akazaa mabinti wenye maziwa na mwenzake akazaa wa kawaida. Ukoo wao ni mmoja. Anayewatofautisha ni watoto wao.

Wenzetu wenye farasi wa mbio wanafanyaje?

Wanaandika. Kitabu cha koo za farasi wa Thoroughbred kilianza kuchapwa Uingereza mwaka 1791, na leo kila farasi wa aina hiyo, upande wa baba, anarudi kwa mmoja wa madume watatu: Darley Arabian, Godolphin Arabian au Byerley Turk. Mtoto wa farasi haandikishwi mpaka vinasaba vithibitishe wazazi wake.

Hata hivyo, pamoja na vitabu vyote hivyo, ada ya kumpandisha dume wa farasi hupanda au kushuka kwa matokeo ya watoto wake uwanjani. Dume wa farasi aitwaye Galileo, aliyezaliwa mwaka 1998 na kufa mwaka 2021, alikuwa mtoto wa Sadler's Wells na mjukuu wa Northern Dancer, ukoo ambao kila mtu aliutamani. Lakini kilichomweka juu mpaka uzeeni ni watoto, akiwemo Frankel aliyekimbia mara 14 na kushinda zote. Kama watu wenye kumbukumbu za zaidi ya miaka 200 bado wanasubiri kuwaona watoto, sisi tunaosimuliana kwa mdomo tuna haki zaidi ya kusubiri.

## Kuusoma ukoo

Nitazame zaidi upande wa baba au wa mama?

Kwa damu ni nusu kwa nusu. Kwa uhakika wa habari, upande wa mama una nguvu zaidi huku kwetu. Makundi yetu hukutana malishoni na kwenye lambo, na jike akiwa kwenye joto hasubiri dume wa mwenyewe. Baba wa ndama mara nyingi ni wa kukisia. Mama anajulikana, kwa kuwa ndama alionekana akimnyonya.

Hata kwenye farasi, mama huonekana. Mama wa Galileo, Urban Sea, alishinda mbio kubwa ya Arc kule Ufaransa mwaka 1993, kisha akamzaa Galileo, na baadaye kwa baba mwingine akamzaa Sea The Stars, bingwa mwingine. Jike anayezaa wazuri kwa madume tofauti ameonyesha kwamba wema unatoka kwake. Ulizia jike wa namna hiyo katika kila zizi unaloingia. Ukimpata, kisha ukakuta mwanawe wa kiume bado anapanda, umefika.

Dume hatoi maziwa. Nitajuaje kama anayo damu ya maziwa?

Kwa watu wanne: mama yake, dada zake wa mama mmoja, dada zake wa baba mmoja, na mabinti zake. Nimewataja kuanzia walio rahisi kupatikana, lakini uzito wa ushahidi wao unakwenda kinyume: mabinti wana neno kubwa kuliko wote. Mabinti sita au saba wanaokamuliwa wakikubaliana, nitawaamini kuliko sifa za mama mmoja, maana mama anaweza kuwa alipata mwaka mzuri wa nyasi.

Maziwa hurithiwa kwa kiasi cha wastani, kama robo hivi ya tofauti unazoziona kati ya jike na jike. Zinazobaki ni malisho, maji, afya na mkono wa mkamuaji. Ukuaji na ukubwa wa mwili hurithiwa zaidi ya hapo. Kushika mimba upesi hurithiwa kidogo sana, kwa hiyo jike anayechelewa kuzaa usimlaumu babu yake kabla hujamlisha.

Nikifika zizini, hasa nitazame nini?

Fika alfajiri, wakati wa kukamua, ndama wakiwa bado wamefungiwa. Omba kuonyeshwa mabinti wote wa dume yule, na sisitiza neno "wote". Mwenye zizi atakuonyesha wawili anaowapenda, na hao hawakusaidii, kwani kila dume ana wawili wazuri. Uliza pia waliouzwa, waliokufa na waliotupa mimba.

Simama nyuma ya kila mmoja. Tazama kiwele kimeshikwa vizuri juu kati ya mapaja au kinaning'inia mpaka magotini. Hesabu chuchu, tazama kama zinalingana na kama mkono wa mkamuaji unazishika bila taabu. Angalia ndama anapofunguliwa: je, mama anamkubali na kushusha maziwa upesi, au anarusha teke? Angalia kwato akitembea kutoka zizini kwenda nje, maana jike mwenye miguu mibovu hafiki malishoni mwezi wa tisa, nyasi zikiwa zimebaki mbali.

Kisha fanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Omba kuonyeshwa majike wa rika lilelile, wa zizi lilelile, waliozaliwa na dume mwingine. Nyasi zao ni zilezile, josho lilelile, mchungaji yuleyule. Mabinti wa dume wako wakiwazidi hao, tofauti hiyo ni ya baba. Wakilingana, umesafiri bure na ni afadhali ujue sasa.

Naambiwa babu yake alikuwa Boran wa Kongwa, au Mpwapwa. Nifanye nini na habari hiyo?

Ifuatilie, usiilipie kwanza. Ranchi ya Kongwa, ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, inajulikana kwa ng'ombe aina ya Boran. Ng'ombe wa Mpwapwa walitengenezwa kituoni Mpwapwa, Dodoma, kwa kuchanganya Sahiwal na Sindhi Mwekundu kutoka Asia Kusini, zebu wetu wa asili, Boran na damu kidogo ya Ayrshire, ng'ombe wa maziwa wa Uskochi, wakilenga maziwa na nyama kwa pamoja. Kituo hicho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI). Mnyama aliyetoka sehemu hizo aliondoka na namba na risiti. Muulize mwenye dume: nani alimnunua babu huyo, mwaka gani, na hereni au chapa ilikuwa na namba gani. Kama kweli ipo, mtu mmoja katika familia ataikumbuka au atakuwa nayo kwenye mkoba wa nyaraka.

Na hata ikithibitika, rudi kwenye hesabu ya vizazi hapo juu. Babu mmoja wa Boran ni robo.

Rangi na pembe vinasema lolote kuhusu ukoo?

Kuhusu maziwa, hapana. Rangi inaweza kukusaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kumkagua msimuliaji. Ukiambiwa ndama ishirini ni wa dume mmoja, kisha ukaona nusu yao wamefanana sana na dume wa jirani kwa mabaka, nundu na umbo la kichwa, anza upya kuuliza.

Dume amezeekea hapahapa kwenye mbung'o na kupe. Si ushahidi tosha wa damu imara?

Ni ushahidi, ila si tosha. Misitu yetu ya miombo, hasa Kaliua, Urambo na Sikonge, ina mbung'o waletao ugonjwa wa nagana, na mnyama aliyefika miaka tisa huko akiwa na mwili hakubahatisha. Uvumilivu wa nagana kwa sehemu hurithiwa. Nchini Kenya, Boran wa Waorma wa Mto Tana wameonekana kuivumilia kuliko Boran wa ranchi. Kwa hiyo ukoo uliokaa mbugani vizazi vingi una thamani ambayo dume mgeni hana.

Ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, ni habari nyingine. Dume aliyeugua akiwa ndama akapona hubaki na kinga aliyoipata kwa kuugua, na kinga ya namna hiyo haiingii kwenye mbegu. Watoto wake watahitaji kuogeshwa kama wengine. Tena uliza dume ameogeshwa mara ngapi na amechomwa dawa ya nagana mara ngapi. Aliyezeeka kwa sindano hajaonyesha alichonacho.

## Afya ya dume mzee

Nitajuaje umri kwa meno?

Ng'ombe hana meno ya mbele juu, kwa hiyo tazama nane ya chini. Jozi ya kwanza ya meno makubwa hutoka akiwa na miaka miwili hivi, na zote nne hujaa akiwa na miaka minne hadi mitano. Baada ya hapo unasoma kulika: kwanza ya katikati hupoteza makali na kuwa bapa, kisha ya pembeni. Akikaribia miaka kumi utaona nafasi kati ya jino na jino, na mengine yamebaki visiki. Malisho yenye mchanga huyala mapema, kwa hiyo kadirio linaweza kuteleza mwaka mmoja au zaidi. Visiki vyenyewe si sababu ya kumkataa, ila ujue kiangazi atahitaji pumba na majani laini.

Apewe majike wangapi?

Dume aliyekomaa na mwenye afya anaweza majike 25 hadi 30 kwa msimu. Mzee mpe kama 15, na asishindane na vijana. Akiwekwa zizi moja na dume wa miaka mitano atapigwa, na ukoo ulioulipia utabaki bila kupanda hata jike mmoja.

Ni vipimo gani nisivyopaswa kuviruka?

Soma jibu hili polepole, maana hapa ndipo ukoo mzuri huingia zizini pamoja na balaa.

Cha kwanza ni bruselosisi, ugonjwa wa kutupa mimba. Kipimo ni cha damu. Maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tabora, na daktari wa mifugo wa wilaya anajua namna ya kufikisha sampuli. Ugonjwa huu humpata na binadamu, kwa maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma au ndama aliyetupwa bila kinga mikononi. Dume mwenye korodani iliyovimba au uvimbe wa magoti asikaribie majike wako kabla ya majibu.

Cha pili ni magonjwa ya kupandana: trikomonasi na kampilobakta. Haya ni ya wazee hasa. Dume akivuka miaka minne hivi, mikunjo ya ngozi ndani ya ala ya uume inakuwa mirefu zaidi, na vijidudu hupata mahali pa kukaa. Dume mwenyewe haonyeshi dalili yoyote. Anapanda vizuri, anakula, anang'aa. Dalili unaziona kwa majike: wamepandwa, wametulia, kisha wanarudi kwenye joto tena na tena, au mimba changa zinatoka bila wewe kuziona. Daktari huosha ala kwa maji maalumu na kuyapima maji hayo, na kipimo kirudiwe kabla ya kuamini kwamba ni salama. Kama huna namna ya kupima, basi uliza kwa makini kwenye zizi alikotoka: majike wangapi wanazaa kila mwaka? Zizi lenye dume mmoja na majike wengi wasiozaa lina jibu lake.

Cha tatu ni mbegu zenyewe. Daktari akichukua sampuli na kuitazama kwa hadubini ataona kama zinakimbia au zimelala. Kwa macho yako tazama korodani: zilingane, zijae, ziwe imara mkononi na zisogee ndani ya mfuko wake. Korodani iliyosinyaa na kulegea kwa dume mzee mara nyingi ndiyo mwisho wa kazi.

Aliugua homa mwezi uliopita, sasa amepona. Nimletee majike?

Subiri. Mbegu za dume huchukua takriban siku 60 kutengenezwa, na homa kali huharibu zilizokuwa njiani. Hesabu miezi miwili na nusu tangu apone, ndipo umhukumu. Wapo madume wazee waliouzwa kama wagumba kwa sababu hii tu.

Miguu na macho vina uzito gani?

Mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Dume anapopanda hubeba mwili wake kwa miguu ya nyuma. Akiwa na maumivu ya nyonga au kwato ndefu, hataki, hata kama mbegu zake ni safi. Mwangalie akipanda kwa macho yako. Kusimuliwa hakutoshi. Macho humsaidia kumwona jike aliye kwenye joto akiwa mbali.

## Undugu wa damu

Dume ni mzuri sana. Kwa nini nisimwache awapande mabinti zake?

Kwa sababu ndama wa baba na binti hubeba asilimia 25 ya undugu wa damu, na hapo ubaya uliojificha kwenye ukoo hupata nafasi ya kujitokeza: ndama dhaifu, ukuaji wa polepole, mimba zisizoshika, maziwa yaliyopungua. Babu na mjukuu ni asilimia 12.5, na ndugu wa baba mmoja mama tofauti ni hiyohiyo 12.5. Ukinunua dume mzee, panga tarehe ya kumtoa siku ileile unapomwingiza. Binti zake wa kwanza wakifika miaka miwili, yeye ahame au wao watengwe.

Hii ndiyo faida ya kuwa mnunuzi badala ya mwenye zizi. Kwa aliyemkuza, dume huyu amebanwa na mabinti zake kila upande. Kwako ni damu mpya. Mara nyingi mwenye dume anauza kwa sababu hii tu, na biashara hiyo ni halali kwa pande zote mbili.

Jirani yangu naye alinunua kutoka zizi hilohilo. Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo baada ya miaka michache, makundi yakichanganyika kwenye lambo. Zungumzeni. Mkijua madume wenu ni ndugu, mabinti wa huku wasichungwe na dume wa huko.

Ng'ombe wangu wengine ni wa kutunziwa na watu wengine vijijini. Nifuatilieje damu?

Utaratibu wa kuweka ng'ombe kwa ndugu na marafiki umesaidia koo nyingi kunusurika magonjwa na ukame, na mimi nauheshimu sana. Una faida pia kwa anayetafuta ukoo: dume aliyebanwa na mabinti hapa anaweza kuhamia kwa shemeji yako Uyui bila kuuzwa. Ila kila mtunzaji awe na daftari. Tazama swali la daftari hapo chini.

## Kununua, kukodi na kuandika

Naweza kumpata dume wa ukoo mnadani?

Mara chache. Mnadani unaona mwili, huoni mama wala mabinti, na aliyemleta mara nyingi ni mchuuzi asiyejua zizi alikotoka. Dume mzee aliyefika mnadani huenda ameletwa kwa sababu majike hawashiki mimba. Ukimpenda kweli, muulize mchuuzi alimtoa kijiji gani, usilipe, nenda kijijini.

Nihitaji nyaraka gani?

Kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo, hati ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya kijiji, na namba ya hereni kama amevishwa. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ni ya mwaka 2010, na wafugaji wengi huiona kama usumbufu. Mimi naiona kama mwanzo wa kuandika koo zetu, kwa sababu namba ya hereni haibadiliki hata ng'ombe akibadilisha mwenyewe. Ukifika naye nyumbani mtenge siku 30, umwogeshe, umpe dawa ya minyoo, ndipo umkutanishe na wenzake.

Kukodi au kuazima je?

Ni njia nzuri ya kupata ukoo bila mtaji mkubwa, na ni njia rahisi kuliko zote ya kusambaza magonjwa ya kupandana. Dume anayezungushwa mazizi matano kwa msimu hubeba ya wote. Kodi kutoka kwa mtu mmoja unayemjua, na vipimo vilivyoelezwa hapo juu vifanyike kabla.

Daftari liwe na nini?

Jina au namba ya ndama, siku au angalau mwezi na mwaka wa kuzaliwa, mama yake, dume aliyempanda mama, na kama baba ni wa uhakika au wa kukisia. Andika hilo la kukisia waziwazi, maana kisio lililoandikwa kama hakika huharibu daftari zima. Kwa kila jike anayekamuliwa, pima maziwa siku moja kwa mwezi, asubuhi na jioni, kwa chombo kilekile. Daftari la shule la kawaida linatosha. Mpe mtoto anayesoma aliandike, na umfundishe majina ya majike wote.

Si bora nitumie uhimilishaji tu, yaani jike apandikizwe mbegu na mtaalamu bila dume?

Ukiwa karibu na mtaalamu, uhimilishaji ni bora kwa mambo mengi. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, Arusha, na mbegu hutunzwa kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, kwa hiyo dume anaweza kuthibitishwa na mabinti zake na bado mbegu za ujana wake zikatumika. Magonjwa ya kupandana nayo yanakatika. Lakini kama uko ndani kabisa Kaliua, jike anaingia kwenye joto usiku na mtaalamu yuko mbali kwa pikipiki, dume aliyethibitika anayelala zizini atakuzalishia ndama wengi zaidi.

## Maswali ya pembeni

Dume alizaliwa pacha na jike. Ana shida?

Dume kwa kawaida anafaa, mpime mbegu tu. Mwenye shida ni dada yake: zaidi ya tisa kati ya kumi wa namna hiyo hawazai kamwe. Usimtunze kama mtamba wa mbegu.

Ana korodani moja tu iliyoshuka. Ukoo wake ni mzuri mno.

Mkatae. Kasoro hiyo hurithiwa, na utaipanda katika kundi zima.

Ni mkali, anawapiga watu.

Dume mzee mkali ameua wachungaji. Tabia nayo kwa sehemu hurithiwa, kwa hiyo tazama mabinti: wakiwa nao wanarusha mateke wakati wa kukamua, achana na ukoo huo. Mabinti wakiwa wapole, huenda ni mafunzo mabaya tu aliyopata yeye, lakini bado asichungwe na mtoto.

Mitamba yangu ni midogo na dume ni mkubwa.

Usimwanzishe kwa mitamba. Mpe majike waliokwisha kuzaa, uone ukubwa wa ndama wao. Wakizaa bila msaada, ndipo umruhusu kwa mitamba iliyokomaa mwili.

Nimempenda dume wa Ankole kutoka upande wa Kigoma. Ukoo wake usomwe vilevile?

Vilevile, ila linganisha mabinti zake na Ankole wenzao walioko hukohuko, usiwalinganishe na zebu wa Igunga. Na kama hajawahi kuishi kwenye kupe na mbung'o wa mahali pako, muombe mwenyewe akuuzie mwanawe wa kiume aliyekwisha kukaa huku msimu mmoja wa mvua, kama yupo.

Dume mzee nimemkuta, ukoo nimeuthibitisha, lakini mbegu zimekwisha. Nimekosa yote?

Hapana. Tafuta watoto wake wa kiume kwa majike bora wa zizi hilo, na uanze na yule ambaye mama yake amezaa wazuri kwa madume zaidi ya mmoja. Kijana huyo ana nusu ya damu ya baba, na mabinti wa baba waliosimama pale watakusaidia kukisia nusu hiyo inafananaje. Mpe majike wachache mwaka wa kwanza, andika kila ndama, na usimhasi wala kumuuza kabla mabinti zake hawajakamuliwa.